Hadithi ya Tisa

Mzee Stoo aliuliza kwa mara ya tatu, safari hii taratibu, kama mtu anavyomuuliza mtoto aliyemeza kitu: ua waridi limefikaje kwenye jalada la kitabu chake?

"Haina shida, mzee," alisema Fundi Mashine, mwenye kiwanda kile kidogo cha uchapaji, bila kuondoa macho kwenye kompyuta. "Waridi linauza."

"Ndani ya kitabu changu hakuna waridi hata moja. Kuna jeneza la mtumba. Kuna mlinzi. Kuna lori limekwama. Nionyeshe waridi liko ukurasa gani."

"Sasa unataka nikuwekee jeneza?"

"Nataka maandishi! Jina la kitabu, jina langu, basi."

"Kitabu cha maandishi matupu watu watadhani ni cha sheria." Fundi Mashine akakuna shingo. "Lakini haina shida."

Hiyo haina shida ilikuwa imeshamtoa Mzee Stoo jasho la kutosha. Kila iliposemwa, shida ilikuwa tayari iko mlangoni inavua viatu. Fundi alisema haina shida karatasi zilipokuja za rangi ya maziwa yaliyochacha. Alisema haina shida ukurasa wa thelathini ulipojikuta baada ya thelathini na moja. Alisema haina shida picha ya mwandishi ilipovutwa ikapanuka mpaka Mzee Stoo, mtu mwembamba tangu kuzaliwa, akaonekana ana mashavu ya mpiga tarumbeta.

Mtu wa namna yake hakuumbiwa mambo haya. Miaka thelathini na mmoja alitunza stoo ya vifaa vya ujenzi, na katika miaka hiyo hakuna bawaba wala kopo la rangi lililotoka bila yeye kulishika, kulihesabu na kulitilia sahihi. Alipostaafu alibeba madaftari ya stoo yaliyobaki matupu, yale makubwa yenye safu za Kilichoingia, Kilichotoka na Kilichobaki, akaanza kuandika humo hadithi, sentensi zikivuka safu zote tatu bila kujali mistari myekundu. Alipomaliza alipeleka mswada kwa shirika moja la uchapishaji. Likakaa nao miaka miwili, likamrudishia ukiwa na alama ya duara ya kikombe cha chai kwenye ukurasa wa kwanza, pamoja na barua ya mistari miwili isiyo na sahihi. Barua isiyo na sahihi! Ndiyo siku aliyoapa kwamba kitabu hiki atakichapisha mwenyewe, hata kwa kutambaa.

Hadithi zilikuwa kumi na mbili. Na ni afadhali ijulikane mapema jambo ambalo Mzee Stoo hakumwambia mtu: kumi na moja kati ya hizo ziliandikwa ili ya tisa ipate pa kujificha.

Ya tisa ilimhusu mtunza stoo mmoja aliyepigiwa simu kazini saa nne asubuhi. Aliyepiga alikuwa jirani: mkeo kaanguka jikoni, tumbo, njoo upesi. Mtunza stoo akajibu, nakuja. Kisha akarudi kwenye kreti la skrubu alilokuwa akilihesabu, kwa sababu kesho yake wakaguzi walikuwa wanakuja, na cheo kilikuwa kinanukia, na tumbo, alijiambia, ni tumbo tu. Alifika nyumbani saa saba kasoro robo. Hospitali daktari hakumfokea. Alisema tu kwamba wangewahi kwa saa mbili angeweza kufanya kitu. Hadithi iliishia hapo, kwenye benchi la korido, mwanamume ameshika kandambili za mkewe hajui aziweke wapi.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na miaka minane siku ile na alikuwa shuleni. Shangazi yake ndiye aliyemwambia kwamba baba aliposikia tu alikimbia, akamkimbiza mama hospitali, ila Mungu alikuwa amepanga vingine. Mtoto akakua na maneno hayo. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, muuza dawa, mama wa watoto wawili, na watoto hao amewasimulia hadi wamekariri: babu yenu aliacha kila kitu, kila kitu, akakimbia. Husimulia hivyo Mzee Stoo akiwa palepale kwenye kochi na chai yake mkononi. Mara mbili alifungua mdomo aseme. Mara ya kwanza aliishia kuomba sukari. Mara ya pili aliuliza kama huko kwao mvua imenyesha. Hapo ndipo alipoamua kuandika. Binti ni msomaji, atasoma, atajua, na yeye baba mtu hatalazimika kuwepo wakati anajua.

Hilo tu ndilo alilotaka kwenye kitabu chote. Si sifa, si kusomwa redioni. Alitaka ukweli mmoja utoke kwenye daftari lake ufike mkononi mwa binti yake bila kupitia mdomoni.

Ili daftari liwe kitabu lilibidi lipitie kwa Mama Chapa.

Mama Chapa alikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta moja, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikohoa kabla ya kutoa nakala, na kibao ukutani: TUNACHAPA BARUA ZA AINA ZOTE, MAREKEBISHO HAYALIPIWI. Marekebisho hayo ndiyo yaliyomjengea jina mtaani. Mtu alikuwa anaingia amefura, anataka barua ya kumtukana mwenye nyumba. Mama Chapa anamsikiliza mpaka mwisho, anaitikia kwa kichwa, anapiga kibodi kwa vidole vinne, anampa karatasi atie sahihi. Baada ya wiki mwenye nyumba anakuja mwenyewe na mafundi wa paa. Mteja anatamba kwamba amemshikisha adabu, kumbe barua ilikuwa na shukrani mbili, ombi moja na salamu kwa mke. Mtaa mzima ulikuwa umetia sahihi chini ya maneno ambayo haukuyasema, na mambo yake yalikuwa yananyooka. Kila mmoja alilijua jambo hili kuhusu mwenzake. Hakuna aliyedhani kwamba na yeye amefanyiwa.

Mzee Stoo alikaa pembeni ya kompyuta ile miezi miwili, akimsomea daftari kwa sababu mwandiko wake ulikuwa hausomeki na mtu mwingine yeyote bila kuuzoea. Kila siku alirudi nyumbani kichwa kinamuuma.

"Mzee wangu," Mama Chapa alikuwa anaanza, vidole vikisimama. "Huyu mlinzi mbona hamwoi yule dada wa kwenye simu ya upepo?"

"Hamwoi kwa sababu hawajawahi kuonana."

"Si waonane?"

"Hadithi nzima ni kwamba hawaonani!"

"Inaumiza bure."

"Mama Chapa. Chapa."

Kesho yake ilikuwa zamu ya jeneza. "Hivi mtu na akili zake anunue jeneza lililotumika? Lilitumikaje? Aliyekuwemo alihamia wapi?"

"Soma utaona. Tumefika ukurasa wa pili tu."

"Mimi nauliza kama msomaji."

"Wewe si msomaji, wewe ni vidole!" alifoka Mzee Stoo, kisha akaona haya, kwa sababu mama wa watu alikuwa amemchemshia chai. Akanywa chai yote bila kuongeza neno.

Walipofika hadithi ya tisa hakuweza kuisoma kwa sauti. Alianza, "Mwanamume mmoja," akakohoa, akasema koo limemkauka. Kufikia hapo Mama Chapa alikuwa ameshauzoea mwandiko ule, hivyo mzee akamwachia daftari, akaenda kununua gazeti. Gazeti lenyewe alilisoma amesimama nje ya duka la magazeti, kuanzia habari kubwa mpaka matangazo ya waliopotelewa na vyeti. Aliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Mama Chapa alikuwa kimya, macho mekundu kidogo, hana swali hata moja. Mzee Stoo akashukuru. Alidhani mama huyo hatimaye amezoea kazi.

Zilipotoka prufu, yaani zile karatasi za majaribio ambazo mwandishi huzikagua kabla mashine haijawashwa, alizikagua kama alivyokuwa akikagua mzigo wa saruji. Aliweka rula chini ya kila mstari. Alisoma hadithi ya kwanza mpaka ya nane kwa siku nne, akakamata makosa mia moja na sita, akayaandika kwenye orodha yenye namba. Siku ya tano akafika ya tisa. Aliweka rula chini ya mstari wa kwanza. Akainuka akafunga dirisha. Akarudi, akaitazama rula. Akainuka tena akalifungua dirisha. Mwishowe aliichukua hadithi nzima, akaipindua kifudifudi juu ya zile zilizokwisha kukaguliwa, akaendelea na ya kumi. Kwenye fomu ya Fundi Mashine, mbele ya kila hadithi, aliandika Nimekagua, sawa, akatia sahihi mara kumi na mbili.

Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kutia sahihi kitu ambacho hajakihesabu. Alichagua siku hiyo kuanza.

Vitabu vilitoka Jumatatu, maboksi manne. Waridi lilikuwa limeondolewa mbele, limehamia nyuma, kubwa zaidi. Mzee Stoo hakuwa na nguvu za kugomba. Alichukua nakala moja, akampelekea binti yake kazini, akamkabidhi juu ya kaunta ya dawa na kuondoka upesi kama mtu aliyeacha injini inaunguruma nje.

Kisha akangoja. Na wakati anangoja, dunia nzima ikaamua kumletea maoni. Jirani wa kushoto alikipima kitabu mkononi akasema ni chepesi. Shemeji yake akauliza kama ndugu wanapewa bure, na alipopewa bure akauliza kama kuna nakala yenye jalada gumu. Binamu yake mmoja aliyewahi kuwa na lori alikuja amevimba, akidai lile lori lililokwama ni lake na kwamba halikukwama, lilipumzika. "Ni hadithi," Mzee Stoo alimwambia. "Ya lori langu," binamu akasema. Walibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa, na binamu akakila hivyohivyo kilivyopoa, chote.

Binti hakupiga simu Jumatatu, hakupiga Jumanne, hakupiga Jumatano. Mzee Stoo alikuwa anaishika simu, anaiweka. Amesoma. Amejua. Hataki kuniona. Ana haki.

Alhamisi jioni, jua bado liko juu, binti akaingia bila kubisha hodi, mkoba bado begani. Hata shikamoo hakutoa. Alimkumbatia baba yake pale mlangoni akamng'ang'ania, na mzee akasimama mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi.

"Baba," alisema, sauti yake imezama kwenye shati la mzee. "Ile ya tisa."

"Ndiyo," alisema Mzee Stoo.

"Nimeirudia mara nne. Sikujua kama una kitu kama kile moyoni." Akajitenga kidogo, akafuta macho kwa kiganja, akacheka. "Umemponya Mama. Na mimi umenipa mdogo wangu!"

"Nimekupa nini?"

"Yule mtoto wa mwisho wa hadithi. Nilikuwa namtaka mdogo wangu, hukusahau." Akamshika mikono yote miwili. "Ila kilichoniliza ni pale unapolitupa lile kreti. Zile skrubu zinamwagika sakafuni na wewe hata hugeuki. Nimewasomea watoto. Nimewaambia, kuhusu Bibi, babu yenu kaandika alivyotamani iwe, lakini hapa, mbio hizi, hapa hakutia chumvi. Hivi ndivyo ilivyokuwa."

Mzee Stoo alisema anakwenda kubandika maji ya chai. Jikoni alisimama mbele ya jiko ambalo hakuliwasha, mpaka binti akaaga kwa sauti kutoka sebuleni kwamba watoto wanamsubiri, kesho atapita.

Mlango ulipofungwa alichana boksi, akatoa kitabu, akafungua hadithi ya tisa. Alisoma amesimama, bila rula. Mwanzo ulikuwa wake, neno kwa neno: simu, jirani, jikoni, tumbo. Nakuja. Halafu: "Hapo mwanamume yule akalitupa kreti, skrubu zikamwagika sakafuni kwa kishindo, naye hakugeuka hata mara moja kutazama nyuma, kwani moyo wake ulikuwa umekwisha kutangulia nyumbani." Teksi ikapatikana pale pale. Daktari akatabasamu akasema, "Mmewahi." Mke akapona. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa pili, wa kiume, kilo tatu na nusu.

Kilo tatu na nusu! Mtu kapata mpaka uzito!

Sijui kama mzee wa miaka sitini na tisa anaruhusiwa kukimbia, lakini alifika kwa Mama Chapa anahema. Kulikuwa na mteja anachapiwa barua ya kuacha kazi. Mzee Stoo akamtazama mteja kwa namna ambayo mteja alikumbuka ana shughuli mahali.

"Umefanya nini?" aliuliza, akibwaga kitabu juu ya kibodi. Kompyuta ikaandika mstari mzima wa herufi B.

Mama Chapa alikitazama kitabu. Hakujitia hamnazo, hilo lazima asifiwe nalo. "Nilirekebisha kidogo."

"Kidogo? Umefufua mtu!"

"Nilijua prufu utaziona. Nikasema, akikataa atarudisha ya kwake. Kisha ukatia sahihi. Nikajua umekubali."

Hiyo ya sahihi Mzee Stoo aliiruka. Akabadilisha njia. "Nani alikuomba? Nani? Mlinzi nilikukatalia asioe, ukaacha. Jeneza ukaliacha. Kwa nini hii?"

"Hao walikuwa watu wa kwenye hadithi," alisema Mama Chapa. "Huyu wa tisa hakuwa wa kwenye hadithi."

"Nani kakwambia?"

"Mzee wangu, hakuna mtu anayeandika skrubu namna ile bila kuwa alizihesabu." Alikuwa anakunjua ncha za khanga yake na kuzikunja tena. "Nilisoma nikafika pale mwisho, nikaona watu watamchukia. Watakuchukia wewe. Unakaa peke yako, una binti mmoja tu. Barua ikija hapa inayoweza kumharibia mtu, mimi huwa naipunguza makali. Ndiyo kazi yangu. Wenzako wote hunishukuru."

"Nilitaka anichukie!" alisema Mzee Stoo, na yeye mwenyewe akashtuka kuyasikia. "Nilitaka ajue, halafu kama ni kunichukia anichukie, maana anachokipenda sasa si mimi. Ni mtu mwingine. Anapenda mtu aliyetupa kreti. Mimi sikulitupa! Miaka ishirini na sita ananishukuru kwa jambo ambalo sikulifanya, na sasa umelipiga chapa, nakala mia mbili!"

Fotokopi ilikohoa peke yake kwenye kona. Mama Chapa alikuwa analia bila kelele, na kwa sababu hiyo Mzee Stoo alishindwa hata kuendelea kumkasirikia vizuri, jambo lililomuudhi kupita yote.

Asubuhi yake alikwenda kwa Fundi Mashine. Fundi alisikiliza, akachungulia ukurasa, akauliza maneno yenyewe yaliyokosewa ni yapi.

"Kuanzia ukurasa wa themanini na tano mpaka themanini na tisa. Yote."

"Haina shida. Tunabandika karatasi ya masahihisho. Kila kitabu kina makosa, mzee, wasomaji wamezoea." Tayari alikuwa ameshika kalamu. "Nisomee. Badala ya 'alipona' soma nini?"

"Soma 'alikufa'."

"Badala ya 'alikufa'..."

"Badala ya 'alipona'!"

"Sawasawa, haina shida. Badala ya 'mmewahi'?"

"Soma 'mmechelewa'."

"Na huyu mtoto wa kilo tatu na nusu?"

"Hayupo."

"Badala ya mtoto, soma... niandike nini? Nafasi wazi?"

Mzee Stoo aliitazama ile karatasi yenye maneno matatu chini ya kichwa cha habari Masahihisho, imepigiwa mstari kwa rula. Akamwona binti yake anaiokota sakafuni imebanduka, anaisoma, anaitafutia ukurasa wake. Akamwambia Fundi aache. Fundi akasema haina shida, na kwa mara ya kwanza Mzee Stoo hakukereka, alikuwa amechoka mno.

Nyumbani alichukua daftari lenyewe, lile la safu tatu. Hili hakuna aliyelirekebisha. Atampa hili. Ataliweka juu ya meza, aseme soma ukurasa fulani, kisha aondoke. Alilibana kwapani akaenda, jua likiwa la mchana wa Ijumaa, siku ambayo binti alikuwa hafanyi kazi.

Alimkuta sebuleni anapiga pasi sare za shule, rundo zima, redio ikinong'ona. Watoto walikuwa bado shuleni.

"Shikamoo Baba. Na mimi nilikuwa nakuja kwako nikimaliza hizi."

"Marahaba. Nimekuletea daftari." Akaliweka mezani, akalifungua mahali penyewe, akalisogeza. "Kile kitabu kina makosa. Hii ndiyo yenyewe, ya tisa. Wewe soma, mimi nitapita baadaye."

Binti aliinama kutazama, pasi mkononi, akacheka. "Mwandiko huu? Baba, hata barua zako za shule nilikuwa nampelekea mwalimu mkuu anisomee. Keti unisomee mwenyewe, mimi mikono yangu ina kazi."

"Utauzoea, si mgumu. Mama Chapa aliuzoea."

"Keti, Baba."

Akaketi. Akavaa miwani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisoma, "Mwanamume mmoja, mtunza stoo," akasimama. Binti alikuwa anafuatilia mshono wa mfuko kwa ncha ya pasi, anatabasamu, anangoja kreti litupwe.

Basi Mzee Stoo alimchukia Mama Chapa kwa mara ya mwisho, kwa moyo wake wote, akamchukia Fundi Mashine, akalichukia lile shirika na kikombe chake cha chai, na alipomaliza kuwachukia wote hakubaki mtu mwingine chumbani wa kulaumu isipokuwa mmoja. Akalifunga daftari.

"Sikukimbia," alisema.

"Wapi?"

"Siku ile ya mama yako. Jirani alipiga simu saa nne. Nilimwambia nakuja. Sikwenda. Nilikaa stoo nikamaliza kuhesabu, wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake. Nilifika saa saba. Daktari alisema tungewahi kwa saa mbili tu angeweza kufanya kitu. Alimaanisha mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na hizo saa mbili."

Pasi ilikuwa imetulia juu ya shati. Harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua ikapanda, na wote wawili waliisikia, na hakuna aliyesogea. Kisha binti akaiinua, akaisimamisha, akachomoa waya ukutani. Alizima na redio.

"Ulikuwa unahesabu nini?" aliuliza.

"Skrubu."

"Skrubu."

"Ndiyo."

"Zilikuwa ngapi?"

Hilo hakuliandika mahali popote, hata kwenye daftari. "Elfu mbili mia nne na kumi na saba," alisema.

Binti alilitazama lile shati lenye alama ya kahawia mgongoni. Alilikunja, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama kitabu, akaliweka kando. Mzee Stoo alishika mikono ya kiti ainuke, maana aliona amekwisha kusema na sasa ni lazima aende, na ilikuwa sawa, alikuja akijua.

"Unakwenda wapi?" Binti alivuta kiti cha pili, akakiweka mbele ya baba yake, magoti kwa magoti, akaketi. Uso wake haukuwa na huruma na haukuwa na chuki bado, ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kuelezwa. "Anzia simu ilipolia. Na usiruke kitu."

Mzee Stoo akaanza kwenye simu.